Kushea intaneti ya waya kwa kompyuta mbili nyumbani: kwanza tazama kisanduku ulicho nacho

Kompyuta ya pili ikiingia nyumbani, wengi hukimbilia dukani kutafuta kifaa cha kugawa waya, wakarudi na kitu kisichoiweza kazi hiyo. Kabla hujatoa pesa, jibu swali moja: kile kisanduku ulicholetewa na mtoa huduma ni modemu tupu au ni ruta? Ukishajua hilo, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi utagundua kwamba unachohitaji ni waya mmoja tu wa ziada.

Modemu au ruta?

Kazi ya modemu ni kugeuza. Inapokea kinachokuja kwa faiba, kwa laini ya simu au kwa kebo ya televisheni, inakibadilisha kiwe data inayoeleweka na kadi ya mtandao ya kompyuta, basi. (Kwenye faiba mafundi hukiita kifaa hicho ONT, lakini kwa mahitaji yetu hapa ni kitu kilekile.) Modemu ya namna hii kwa kawaida inapitisha anwani moja ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, na kompyuta ya kwanza kuiomba ndiyo inayoipata.

Ruta inafanya zaidi. Inaichukua hiyo anwani moja, inaishika yenyewe, halafu inagawia kila kompyuta ya ndani anwani yake binafsi. Ni kama mapokezi ya ofisi kubwa: barua zote zinafika kwenye sanduku moja la posta, na karani ndiye anayejua ipi iende chumba gani. Kwenye kurasa za mipangilio kazi hizo utaziona kwa majina mawili: DHCP ni kule kugawa anwani za ndani, na NAT ni kule kubadilisha anwani kila data inapotoka au kuingia.

Sasa geuza kisanduku chako utazame nyuma. Tafuta matundu ya waya wa mtandao, yale ya RJ45 yenye pini nane ndani. Likiwepo moja tu, pengine una modemu tupu. Yakiwepo mawili hadi manne yaliyoandikwa LAN, na chini kuna kibandiko chenye jina la Wi-Fi na nywila, hiyo ni ruta, hata kama wewe na fundi aliyekuja kuifunga mmekuwa mkiiita modemu siku zote.

Matundu lakini yanaweza kudanganya, kwa sababu vipo visanduku vya faiba vyenye matundu kadhaa na linalofanya kazi ni moja. Kwa hiyo hakikisha kwa kompyuta iliyokwisha unganishwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika:

ipconfig

Soma mistari miwili: "IPv4 Address" na "Default Gateway". Anwani ikianza na 192.168, au 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani ya ndani. Makundi hayo matatu yametengewa mitandao binafsi tangu 1996. Maana yake kuna ruta mbele yako. Isipokuwa, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, wapo watoa huduma wanaowapa wateja anwani za ndani moja kwa moja kutoka kwenye mitambo yao. Kwa hiyo malizia na kipimo cha pili: chukua ile namba ya "Default Gateway" uiandike kwenye kivinjari. Ukifunguka ukurasa unaokuomba jina na nywila, ukiwa na chapa ileile ya kisanduku chako, umepata jibu. Ni ruta.

Kuna dalili nyingine inayokata maneno: kama kila unapotaka intaneti kompyuta yenyewe inakutaka uingize jina la mtumiaji na nywila ulivyopewa na mtoa huduma, unatumia muunganisho wa PPPoE, na kisanduku chako kinafanya kazi ya modemu tu.

Ukiwa na ruta tayari

Chomeka kompyuta ya pili kwenye tundu la LAN lililo wazi. Hakuna cha kusanidi. Ndani ya sekunde chache kompyuta itapewa anwani na intaneti itafunguka. Isipofunguka, ruka hadi sehemu ya matatizo huko chini.

Matundu yakiwa yamejaa, au kompyuta zote mbili zikiwa chumba kingine na hutaki kuvuta nyaya mbili ukutani, hapo ndipo swichi inapofaa, yaani kisanduku cha kuongeza matundu ya waya. Ile ndogo ya matundu matano inatosha: tundu moja linapokea waya kutoka kwenye ruta, manne yanabaki kwa ajili ya kompyuta. Tundu lolote linafaa kwa waya wowote, na swichi za nyumbani hazina ukurasa wa mipangilio wa kuhangaika nao. Kosa moja tu la kuepuka ni kuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyohiyo. Inatokea kirahisi nyaya zikiwa zimelala chini ya meza na mtu anafanya usafi. Data inaanza kuzunguka bila kutoka, taa zote zinamemeteka kwa kasi isiyo ya kawaida, na nyumba nzima inakosa mtandao mpaka uchomoe.

Ukiwa na modemu tupu

Watu hujaribu kuunganisha swichi moja kwa moja na modemu. Swichi inapitisha data vizuri kabisa, ila haina anwani za kugawa. Kompyuta ya kwanza itachukua ile anwani moja, ya pili itabaki mikono mitupu. Baadhi ya watoa huduma hutoa anwani mbili au zaidi kwa mteja mmoja, na kwao njia hii inakubali, lakini usiitegemee bila kuwauliza. Hata ikikubali, kompyuta zako zote mbili zinaweza kuwa zinaonekana nje kwenye intaneti bila kinga yoyote katikati.

Na kile kigawanyaji kidogo cha plastiki, chenye tundu moja upande huu na mawili upande ule, usikinunue kwa kazi hii. Hakina umeme wala akili. Kinachofanya ni kugawa jozi nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, mbili huku na mbili kule, na kinahitaji pacha wake upande wa pili pamoja na matundu mawili ya kupokea. Kila upande unaambulia kasi isiyozidi Mbps 100. Kwenye modemu yenye tundu moja, hakina msaada wowote.

Nunua ruta. Hata usipoitumia Wi-Fi yake, ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko nyingine zote, kwa sababu ukishaipanga unaisahau, na hakuna kompyuta inayomtegemea mwenzake. Ukinunua, tazama kasi ya matundu yake: zipo ruta ambazo matundu yake yanaishia Mbps 100, na kama unalipia kifurushi cha zaidi ya hapo, ziada hiyo hutaiona.

Kuifunga fuata mpangilio huu:

1. Chomoa umeme wa modemu, na kama ina betri ya akiba, itoe pia. Iache imezimwa dakika kama tano. Hatua hii inaonekana ya kipuuzi lakini ndiyo inayookoa watu wengi. Modemu nyingi hukariri namba ya kadi ya mtandao ya kifaa cha kwanza kilichochomekwa, ile iitwayo anwani ya MAC, na hukataa kuzungumza na kifaa kingine mpaka kumbukumbu hiyo ifutike.

2. Toa waya uliokuwa ukienda kwenye kompyuta, uchomeke kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN au Internet. Kwa kawaida lina rangi yake tofauti na limekaa kando ya mengine.

3. Chomeka kompyuta zote mbili kwenye matundu ya LAN, kila moja na waya wake.

4. Washa modemu peke yake, ngoja taa zake zitulie. Kisha washa ruta, ngoja tena. Kompyuta ziwe za mwisho.

5. Kwenye kompyuta yoyote fungua kivinjari, andika anwani iliyochapwa kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia, na jambo la kwanza badilisha nywila ya usimamizi. Nywila ya kiwandani mara nyingi inajulikana na wengine wanaomiliki ruta ya aina hiyo.

6. Chagua aina ya muunganisho. Ikiwa zamani ulikuwa ukichomeka tu waya na intaneti inakuja, chagua "Dynamic IP" au "DHCP". Ikiwa ulikuwa na jina na nywila, chagua "PPPoE" uviingize humo. Kuanzia hapo ruta itajiunganisha yenyewe na kompyuta hazitauliza tena. Ile PPPoE iliyokuwa kwenye kompyuta iondoe.

7. Kuhusu Wi-Fi, ama izime kama huitaki, ama iwekee ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nywila ndefu. Usiiache wazi.

Ukimaliza yote hayo na ruta bado haipati anwani kutoka kwa modemu, tafuta kwenye mipangilio kipengele cha kunakili anwani ya MAC, ambacho mara nyingi kimeandikwa "MAC Clone". Kifungue ukiwa kwenye kompyuta ile ya zamani, bonyeza kitufe cha kunakili, hifadhi, kisha washa upya ruta. Modemu itadhani bado inazungumza na kompyuta ileile.

Bila ruta: kompyuta moja kuilisha nyingine

Njia hii inawezekana, na kwa dharura inafaa sana. Kompyuta A inapokea intaneti, kompyuta B inapokea kutoka kwa A. Hasara yake utaiona siku ya kwanza: A ikizimwa, ikilala, au ikiwa inajisasisha, B haina kitu.

Ikiwa kompyuta A ina Wi-Fi pamoja na tundu la waya, na B nayo ina Wi-Fi, huhitaji kununua hata kifaa kimoja. Kwenye Windows 10 au 11 ingia kwenye "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Mobile hotspot". Chagua kushea muunganisho wa Ethernet kupitia Wi-Fi, weka jina na nywila, washa. Kompyuta B itauona mtandao huo kama Wi-Fi nyingine yoyote.

Ukitaka waya kwa waya, A inahitaji matundu mawili ya mtandao: moja la kwenda kwa modemu, la pili la kwenda kwa B. Kama ina moja tu, adapta ya USB yenye tundu la Ethernet inatosha. Unganisha A na B kwa waya wa kawaida. Zamani ilibidi uwe na waya maalumu uliopishanishwa nyaya zake kwa ndani. Kadi za siku hizi zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo usikubali kuuziwa waya huo ila kama kompyuta zote mbili ni za kale sana.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Utaona orodha ya miunganisho. Kabla ya kuendelea ibadilishie majina, mmoja uite Modemu na mwingine Kompyuta B, kwa sababu "Ethernet" na "Ethernet 2" zitakupoteza. Bofya kulia ule wa Modemu, chagua "Properties", ingia kwenye kichupo cha "Sharing", weka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, na kwenye orodha ya chini yake chagua Kompyuta B. Ukikosea ukaweka tiki kwenye muunganisho wa B badala ya wa modemu, A yenyewe inaweza kukosa intaneti, ndiyo maana nimesisitiza majina. Ukibonyeza OK, Windows itaipa kadi inayoelekea kwa B anwani ya 192.168.137.1. Upande wa B usiandike namba yoyote kwa mkono, acha ipate anwani yenyewe.

Watumiaji wa Mac wataikuta huduma hii kwenye mipangilio ya mfumo, chini ya "General" halafu "Sharing", ikiitwa "Internet Sharing". Kwenye Linux yenye NetworkManager, fungua muunganisho unaoelekea kwa B, nenda kwenye IPv4, badilisha njia iwe "Shared to other computers". Ni hivyo tu.

Tabia moja ya Windows inayosumbua: baada ya kuwasha upya kompyuta A, kushea kunaweza kuacha kufanya kazi ingawa tiki bado ipo. Ondoa tiki, bonyeza OK, irudishe tena. Zima pia hali ya kulala kwenye A, la sivyo mtu wa B atakuwa anakuja kukuamshia kompyuta kila mara.

Kuhusu nyaya

Chukua kebo ya Cat 5e au Cat 6. Ya Cat 5e inabeba Gbps 1 hadi umbali wa mita 100, kwa hiyo kwa nyumba za kawaida kulipia zaidi ya hapo hakuna faida. Linalofaa kulijua ni hili: Mbps 100 zinatumia jozi mbili tu za nyaya, wakati Gbps 1 inazihitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika ndani ya kebo, si lazima muunganisho ufe. Unaweza kushuka kimyakimya hadi Mbps 100 na ukaishi nao miaka ukimlaumu mtoa huduma. Kwenye Windows bofya mara mbili muunganisho kwenye ile orodha ya ncpa.cpl, usome palipoandikwa "Speed". Ikiwa kompyuta na ruta zote ni za Gbps 1 na wewe unaona Mbps 100, badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Je, kasi itagawanyika nusu kwa nusu?

Hapana. Kompyuta moja ikiwa imetulia, nyingine inapata karibu kasi yote. Mkivuta wote kwa pamoja ndipo mnagawana, tena si lazima iwe sawasawa, maana programu inayofungua njia nyingi kwa wakati mmoja hujichukulia fungu kubwa. Kumbuka pia kwamba kifurushi cha Mbps 20 kinashusha faili kwa kama MB 2.5 kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ina biti nane.

Kinacholeta ugomvi nyumbani mara nyingi si kushusha bali ni kupandisha. Kompyuta moja ikiwa inapeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, njia ya kupandia inajaa, na mwenzake aliye kwenye mkutano wa video anakatikakatika japo kasi ya kushuka ipo tele. Ruta nyingi zina kipengele cha QoS cha kutoa kipaumbele. Mimi huanza na kilicho rahisi zaidi: kuiwekea ile programu ya hifadhi kikomo cha kupandisha, au kuipangia ifanye kazi usiku.

Ikikataa

Anza na anwani. Andika tena ipconfig kwenye kompyuta isiyopata mtandao. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Usiguse mipangilio ya kivinjari wala kinga ya virusi. Tatizo ni waya, tundu, au kifaa cha kugawa anwani. Jaribu tundu jingine, jaribu waya wa kompyuta inayofanya kazi, kisha andika ipconfig /renew.

Anwani ikiwa nzuri, piga hodi kwa hatua. Kwanza andika ping na namba ya "Default Gateway". Ikijibu, ndani kuko salama. Kisha ping 8.8.8.8. Hii ikijibu lakini tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama seva ya DNS kwenye mipangilio ya ruta.

Tovuti nyingine zikifunguka na nyingine zikikwama katikati, na unatumia PPPoE, tazama kwenye ruta kipimo cha MTU, yaani ukubwa wa juu wa kipande kimoja cha data. Ethernet ya kawaida hubeba baiti 1500, PPPoE inachukua 8 kwa matumizi yake, kwa hiyo namba sahihi kwa kawaida ni 1492.

Umeongeza ruta yako nyuma ya ruta ya mtoa huduma na sasa hakuna kinachofunguka? Huenda zote mbili zinagawa anwani za kundi moja, mathalani 192.168.1. Badilisha ya kwako iwe 192.168.50.1. Au, kama ulitaka matundu ya ziada tu, igeuze kuwa swichi: zima DHCP yake, ipe anwani ya kundi la ruta kubwa isiyotumiwa na kifaa kingine, halafu unganisha LAN kwa LAN ukiliacha tundu la WAN wazi.

Mwisho kabisa, toa kila kitu na urudishe kompyuta moja kwenye modemu moja kwa moja, ukiizima modemu kwanza kama mwanzo. Ikikosa anwani hata hapo, tatizo halimo kwenye vifaa ulivyoongeza. Mpigie mtoa huduma ukiwa umesimama mbele ya kisanduku, umwambie taa ipi inawaka, ipi imezimika na ipi ni nyekundu, na kwamba umeshajaribu bila ruta. Swali lao la kwanza litakuwa hilohilo.